Jiji limebandika notisi kwenye gari la marehemu mzee, na gari liko ndani ya kiwanja chetu wenyewe. Hii imekaaje?

Kitindamimba

Wakuu habari za saa hizi, mwenye uelewa wa haya mambo anisaidie maana nimechanganyikiwa na nyumbani hakukaliki.

Iko hivi. Juzi asubuhi natoka kwenda kazini nakuta karatasi ya rangi ya chungwa imebandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari la marehemu mzee, Peugeot 504, limesimama pale mbele ya nyumba tangu mzee aanze kuumwa, mwaka wa tano huu. Nikajaribu kuibandua chapchap bi mkubwa asiione, ikatoka nusu, nusu nyingine imegoma na gundi yake mpaka leo ipo. Wameandika "gari lisilotembea lililohifadhiwa eneo la wazi la kiwanja cha makazi", alafu chini mtu kaongeza kwa kalamu "na gari kubwa la biashara". Hilo la pili ni lori la shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, huwa analilaza kwetu akirudi safari kwa sababu kwake hamna nafasi. Tumepewa siku 14, tusipoondoa wanakuja na brekdauni na gharama zote juu yetu.

Sasa nauliza. Hivi jiji lina mamlaka gani ndani ya uzio wangu? Hati tunayo, kodi ya ardhi tunalipa, hilo gari halijakanyaga barabara ya mtu. Ningeelewa kama tungekuwa tumepaki njiani. Uzio wetu ni wa miti mifupi, ni kweli anayepita anaona kila kitu, lakini kuona tu ndiyo kosa? Na je nikilifunika turubai inatosha? Na hilo lori linalala siku mbili tatu linaondoka, nalo linahesabika "limehifadhiwa"?

La mwisho siyo la sheria. Bi mkubwa hataki kusikia neno kuuza. Gari lote lina vumbi na ukungu, ila kioo cha upande wa dereva anakifuta kila wiki, hicho kimoja tu. Sasa mimi niende nikamwambie nini?

---

MbishiWaMtaa

Usiondoe kitu dada. Kiwanja chako sheria yako. Wakija funga geti, waambie walete amri ya mahakama. Hawa watu wakikuona mnyonge kesho watakuja kukupangia na rangi ya pazia.

---

Msoma_Notisi

Mbishi unampeleka mwenzio shimoni na wewe hutakuwepo siku ya brekdauni.

Dada Kitindamimba pole kwa msiba hata kama ni wa siku nyingi. Nimefanya kazi ofisi ya mipango miji miaka kadhaa kwaiyo haya makaratasi nayafahamu rangi mpaka harufu. Hati ya kiwanja inakupa haki ya kukimiliki, matumizi yake ni kitu kingine. Kiwanja kikishapangwa kuwa cha makazi kinakuja na masharti yake, ndiyo maana huwezi kuamka ukafungua kiwanda cha kuchomelea vyuma barazani hata kama baraza ni lako. Magari yanaingia humo humo. Watu wanadhani sheria ya paking ni ya barabarani tu, hapana, miji mingi duniani ina vifungu kabisa vya gari lililoko ndani ya kiwanja, na karibu vyote vinauliza mambo yale yale. Liko upande gani wa nyumba, mbele au nyuma. Limekaa juu ya nini, sakafu ngumu au majani. Ni gari la aina gani na uzito gani. Linatembea au halitembei. Na limekaa muda gani. Ukijua majibu yako hapo unajua kesi yako imesimama wapi kabla hujagombana na mtu.

Kwa lako, neno zito kwenye hiyo notisi ni "lisilotembea". Usilipite haraka. Sehemu nyingi hilo neno lina maana yake iliyoandikwa, kwa kawaida ni gari lisiloweza kujiondoa lenyewe kwa injini yake, au halina tairi au tairi zimelala, au halina usajili unaoishi. Kuna sehemu likikosa kimoja tu hapo limeshaingia. Kwaiyo gari zuri kabisa linalowaka lakini usajili umekufa linaweza kuhesabika bovu, na watu wengi wananaswa hapo. Uingereza kwa mfano gari lako hata likilala gerejini kwako, ukiacha kulilipia kodi ya magari lazima uitaarifu serikali rasmi kwamba umeliondoa barabarani, ukinyamaza unapigwa faini, na utaratibu huo upo tangu 1998. Yani gari limelala kwako na bado serikali inataka kujua.

Turubai: mara nyingi haitoshi. Sheria nyingi zinataka gari bovu liwe ndani ya jengo lililofungwa, au nyuma ya ukuta au uzio usiopenyeza macho. Turubai wanalihesabu kama gari bovu lililovaa nguo. Kuna miji inakubali lile kava lililoshonwa kwa umbo la gari, lakini siyo turubai la bluu lililofungwa kamba. Soma kifungu kinasemaje kwenu, namba ya kifungu lazima iwe kwenye hiyo karatasi, kama ipo kwenye nusu uliyoibandua basi itafute kwenye takataka leo leo.

Kuhusu kuingia ndani ya uzio, Mbishi hajakosea asilimia mia. Kulipiga picha gari kutokea njiani hawahitaji ruhusa yako. Kuingia na kulivuta ni jambo lingine, na sehemu nyingi inabidi kwanza muda wa notisi uishe na uwe umepewa nafasi ya kupinga au kusikilizwa. Lakini kufunga geti siyo kupinga. Kupinga ni barua.

---

Kitindamimba

Asante sana mkuu. Namba ya kifungu ipo, nimeiona. Tairi zote nne zimelala, moja imepasuka kabisa. Usajili ulikufa na mzee mwenyewe. Kwaiyo hapo ndiyo basi tena?

---

Sauti_ya_Jirani

Mimi ntasema upande ambao humu hamtaupenda. Mimi ndiye yule jirani. Siyo jirani yako dada, ila nimeishi miaka sita pembeni ya mtu mwenye magari ya hivyo, yalianza moja likawa la spea la lingine, mwisho yakawa matano, mawili yako juu ya matofali. Kila mara tukiongea anasema "nalitengeneza mwezi ujao". Mvua ikinyesha maji yakitoka kwake kuja mferejini kwetu yana ule mng'ao wa rangi rangi juu, mafuta yale. Mbwa wetu alikufa kwa kulamba maji ya rejeta yaliyovuja, kulanti, ile ina ladha tamu mbwa anaipenda na ni sumu ya figo, tuliambiwa na daktari wa mifugo tumeshachelewa.

Na ndiyo, mimi ndiye niliyepiga simu jiji. Niliongea naye kwanza mara tatu. Kwaiyo mkianza kumtafuta "mchawi" aliyekuchomea kumbukeni sometimes mchawi kapata hasara. Maofisa wa hizi kazi mara nyingi hawazunguki kutafuta magari, wanakuja walipoitwa. Dada jiulize kama kuna mtu alishawahi kukuambia kitu ukamjibu kwa mkato.

---

Nesi_wa_Mtaa

Naongezea kwa Sauti ya Jirani maana kuna kitu watu hawakioni. Siyo mafuta tu, ni maji. Tairi lililolala, mlango uliooza chini, tairi la akiba limeachwa wazi nyuma ya gari, vyote vinashika maji ya mvua. Mbu wa Aedes, huyu wa mchana anayeleta homa ya dengi, hataki bwawa, kifuniko cha chupa kinamtosha, na mayai yake yanakaa kwenye ukuta mkavu wa tairi miezi mpaka mvua irudi yaanguliwe, na kutoka hapo kama wiki moja hivi na kitu una mbu anaruka. Huko Texas mwaka 1985 mbu chui wa Asia aligundulika Houston na inaaminika alisafiri kwenye tairi kuukuu zilizoletwa kwa meli kutoka Asia, sasa hivi kasambaa majimbo kibao. Tairi tu hizo. Kwaiyo dada hata kabla hujajua hatima ya notisi toka nje sasa hivi mwaga maji yote yaliyotuama kwenye hilo gari.

---

Kitindamimba

Nimetoka na tochi. Kwenye tairi la akiba kulikuwa na maji ya kutosha na yale madudu yanacheza cheza. Nimemwaga. Jamani.

@Sauti_ya_Jirani umenigusa. Kuna mama wa nyumba ya pili aliwahi kuniambia "hilo gari lenu linazaa paka", nikacheka nikaingia ndani. Sikuelewa kama alikuwa analalamika.

---

DerevaWaMasafa

Nijibu la lori maana naona wote mko kwenye 504.

Shemeji yako namwelewa, mimi nilikuwa nalaza kichwa cha lori kwa dada yangu mwaka mzima. Lakini dada hapo msijidanganye, la lori ni gumu kuliko la gari bovu. Gari bovu ukilifufua kesi imekufa, lori zima linalowaka vizuri ndiyo kosa lenyewe. Sehemu nyingi hawaangalii limelala siku ngapi, wanaangalia uzito au urefu au idadi ya ekseli, likipita hapo hata usiku mmoja haliruhusiwi kwenye kiwanja cha makazi, labda liwe linashusha au kupakia. Singapore wao walimaliza mchezo mapema, lori zito huwezi hata kulitia barabarani bila cheti kinachoonyesha umeshapata sehemu rasmi ya kulilaza. Wajapani nao kwa gari dogo la kawaida, Tokyo huko, sheria ya mwaka 1962, unapeleka polisi ramani ya sehemu yako ya kupaki na iwe ndani ya kilomita 2 kutoka unapoishi, bila hicho cheti gari halisajiliwi kwa jina lako, na kulilaza barabarani usiku kwa masaa nane mfululizo ni kosa. Ukiona mtaa wao mwembamba hauna gari hata moja limelala nje ujue siyo ustaarabu peke yake, kuna karatasi.

Na acha sheria, angalia chini. Sakafu ya kupaki nyumbani mara nyingi ni zege la sentimita kumi hivi, imepigwa kwa ajili ya gari dogo. Shemeji akiingia na tani zake kumi na kitu ile zege inafanya ufa, chini ya ufa kuna bomba la maji, na sehemu nyingi chemba ya maji taka ipo hapo hapo mbele. Nimeona kwa macho lori tairi la nyuma limezama kwenye chemba mpaka ekseli. Kulitoa ilichukua siku nzima, na harufu sitaki kuelezea.

---

Kitindamimba

Mkuu usinitishe, chemba yetu IPO HAPO HAPO. Mfuniko una ufa ambao mume wangu anasema ulikuwepo toka zamani.

---

DerevaWaMasafa

Haukuwepo toka zamani.

---

MbishiWaMtaa

Nyie mnaleta mifano ya Japani huku sijui Singapore, hao wana sehemu za kupeleka hayo malori. Unamkataza mtu kulaza kwake na hujamuonyesha pa kulaza, atalaza barabarani, ndiyo bora? Alafu leo lori, kesho watasema pikapu, kesho kutwa baiskeli.

---

Msoma_Notisi

Mbishi leo umeongea point, naipokea. Na ya pikapu imeshatokea kweli. Coral Gables kule Florida walikuwa na sheria pikapu isionekane usiku hata kwenye njia ya gari ya mwenye nyumba mwenyewe, iwe ndani ya gereji. Jamaa mmoja alipigwa faini akaenda mahakamani, akabishana miaka, mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema mji una haki ya kulinda sura ya mitaa yake, akashindwa. Lakini angalia ilivyoisha, 2012 wananchi wa mji wenyewe wakapiga kura sheria ikalegezwa. Kwaiyo sheria mbovu ya jiji inabadilishwa, ila kwa mlango wa mbele, huyo jamaa mahakamani alitoka mikono mitupu. Kufunga geti wala hakumo kwenye hadithi.

Alafu dada kitu kimoja DerevaWaMasafa hajakisema, lori ni la shemeji ila kiwanja ni chenu. Notisi inamfuata mwenye kiwanja. Wakilivuta, gharama zikikosa mtu wa kulipa kuna sehemu zinaandikwa kama deni la kiwanja, siku ya kuuza au kuhamisha hati unakutana nalo. Shemeji akikuambia "waache waje tu, mimi ntamalizana nao" mjibu vizuri tu kwamba jina lililoandikwa pale siyo lake.

---

Mpima_Mstaafu

Mwanangu Kitindamimba, shikamoo nimeipokea kwa niaba ya wazee wote humu maana naona umeisahau, nakutania.

Wenzangu wameongea sheria, mimi nakushauri uchukue futi kamba. Jua mstari wa kiwanja chako uko wapi, na mstari wa jengo uko wapi. Hivi ni vitu viwili. Mstari wa kiwanja ndiyo mwisho wa ardhi yako, unaonyeshwa na mawe ya mipaka, yale yenye namba, yatafute kwenye pembe, mara nyingi yamefukiwa na udongo. Na uzio siyo mpaka. Nimepima maisha yangu yote, uzio uliokaa sawasawa juu ya mpaka ni wa kuhesabu, wengi wamesogea mbele kidogo wakala hifadhi ya barabara, mita moja, mita mbili, mtu analima maua pale miaka ishirini anadhani ni kwake. Kama pua ya hilo gari iko kwenye hifadhi ya barabara basi hoja yako ya "ni kiwanja changu" imekufa, na upande wa pili kama gari lipo ndani kabisa na ofisa alipima kutokea kwenye uzio, huenda amekosea yeye.

Mstari wa jengo ni ule wa ndani, umbali ambao nyumba lazima irudi nyuma kutoka barabarani. Kile kipande kati ya mistari hiyo miwili ndicho kinacholeta maneno. Kimeachwa wazi kwa makusudi. Mabomba yanapita pale, gari la zimamoto linahitaji kusogea karibu, na kama kiwanja kiko kwenye kona kuna pembetatu inaachwa tupu ili dereva anayekunja aone mtoto anayevuka kabla hajamfikia. Kiwanja chenu kipo kona?

Kuna na maji. Kila mtu akiimwagia zege mbele ya nyumba yake apaki magari matatu, mvua inakwenda wapi? Uingereza walifurika vibaya mwaka 2007, na kuanzia Oktoba 2008 kwenye upande wa England ukitaka kusakafia bustani ya mbele zaidi ya mita 5 za mraba kwa kitu kisichopitisha maji unahitaji kibali, ukitumia kokoto au matofali yanayopitisha maji huhitaji. Nakuambia hili kwa sababu kuna wajanja watakushauri "mwaga zege tu pale gari lisiwe juu ya majani", unatoka kosa moja unaingia lingine.

---

Kitindamimba

Shikamoo mzee wangu, nisamehe sana, ni kuchanganyikiwa. Hatupo kona. Kesho asubuhi nashika futi kamba na mtoto wa dada.

---

FundiSpana

Mimi nimesubiri mmalize mahakama nije kwenye gari. Dada hiyo 504 ni ya kabureta au ya sindano? Injini ilikufa kwa ugonjwa au ilipakiwa ikiwa nzima? Maana hapo ndipo kesi yako ilipo. Kama mzee alilipaki likiwa linatembea, miaka mitano siyo kifo. Hizi gari zilianza kutoka 1968 na ni chuma, siyo hizi za plastiki za sa hivi.

Usikubali mtu yeyote akuletee betri aanze kupiga stata siku ya kwanza. Toa plagi zote nne, mimina oili kidogo kila tundu, acha usiku kucha, kesho yake zungusha krenki, ule mhimili unaozungusha injini, kwa mkono na spana kule mbele. Ikizunguka laini, umepona. Ikigoma usilazimishe, niite. Petroli ya miaka mitano imwage yote, ishakuwa kama vanishi, osha tenki, fungua kabureta usafishe, badilisha paipu za mpira za mafuta maana zimekauka zitavuja juu ya injini ya moto. Waya angalia panya. Breki ndiyo itakusumbua, silinda za magurudumu zitakuwa zimeshika kutu, gari litawaka alafu halisogei au linasogea halisimami, na hiyo ya pili ni mbaya zaidi.

Kwa notisi huhitaji gari la kwenda safari, unahitaji litoke mbele liende nyuma kwa injini yake huku ofisa anaangalia, tairi nne zenye upepo na usajili unaoishi. Ila siku 14 hazitoshi kwa mtu mwenye kazi nyingine, usidanganyike.

---

Kitindamimba

Mzee alilipaki mwenyewe. Alitoka nalo hospitali, akarudisha kiti nyuma, akafunga, funguo akampa bi mkubwa. Halikuwa na ugonjwa wowote zaidi ya kulia mlango.

---

Msoma_Notisi

Basi andika barua leo, kabla ya siku ya saba, usingoje ya kumi na tatu. Iwe fupi. Namba ya notisi, unasema umeipokea tarehe fulani, unaeleza gari linatengenezwa na unaomba muda zaidi, sema siku 30 au 60, weka na tarehe ya lini litakuwa limewaka. Ambatanisha picha, risiti ya tairi kama umenunua, jina la fundi. Peleka mkononi wakugongee muhuri kwenye nakala yako. Lori litoe kabla hujapeleka hiyo barua, yani ofisa akirudi akute shida moja na siyo mbili, na aone mmeshaanza. Nimeona maofisa wakimwongezea muda mtu ambaye tairi zimeshajazwa upepo, na nimeona wakimkatalia mwenye barua ndefu ya kurasa nne za uchungu.

Usiandike "mbona fulani ana magari matatu". Haikusaidii kitu na utamwongezea fulani notisi bure. Na usitegemee neno "gari la kale". Kuna nchi zinawapa magari ya zamani nafuu ya kodi, Uingereza likifikisha miaka 40, lakini hiyo ni habari ya usajili na kodi, haikupi ruhusa ya kulilaza mbele ya nyumba likiwa limelala tairi.

Kama kuna nafasi pembeni au nyuma ya nyumba lisukumeni huko hata kabla halijawaka. Angalia tu kifungu kinasemaje kuhusu nyuma, sehemu nyingi nyuma ya uzio usiopenyeza macho ni ruhusa kwa gari moja.

---

Kitindamimba

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimekaa kimya wiki nzima.

Jiwe la mpaka tumelipata, lilikuwa chini ya sufuria la maua, mzee Mpima ulijuaje. Uzio wetu umetoka nje karibu mita moja na nusu. Nimepima mara tatu nikidhani kamba imekunjwa. Gari lenyewe lipo ndani ya mpaka, kwa kiganja kimoja. Lori ndiyo balaa, mbele yake yote ilikuwa inalala kwenye hifadhi ya barabara na nyuma yake juu ya chemba. Shemeji kanuna siku mbili alafu akaja mwenyewe kuangalia ule ufa na tochi, hakusema kitu, jioni ile ile akalitoa, kapata uwanja wa kulipia analaza huko.

Barua imegongwa muhuri, wamenipa siku 45. Dada wa mapokezi aliniuliza "hili ndilo lile jeupe la baada ya kona ya pili?" kumbe ofisi nzima wanalijua.

Mama wa nyumba ya pili nilimfuata. Siyo yeye aliyepiga simu au labda ni yeye, sikuuliza. Nilimwambia tu tunalihamisha, akasema paka watatu wa kwenye kiti cha nyuma ni wake sasa, amewazoea.

Bi mkubwa nilimwambia ukweli wote mezani, notisi nikamwonyesha na ile nusu iliyochanika. Nikategemea kilio. Akauliza tu kama likienda nyuma atakuwa analiona kutoka jikoni. Nikasema ndiyo. Akasema basi sukumeni, akaingia kuleta funguo. Tumelisukuma watu saba, breki ya nyuma kushoto ilikuwa imeshika kama FundiSpana alivyosema, tairi linaburuzika halizunguki. Pale lilipokuwa limebaki umbo la gari kwenye majani, njano kabisa, na mduara mweusi wa oili katikati.

Krenki inazunguka. Kwa mkono. Fundi wa huku alikuwa anataka kupiga stata nikamwekea ngumu.

---

FundiSpana

Safi sana. Sasa silinda za breki badilisha zote nne usibadilishe hiyo moja. Alafu nakuomba kitu, hiyo taa ya nyuma ya kulia ni ile ya asili? Nina mteja anaitafuta mwaka wa pili.

---

Kitindamimba

Ni ya asili. Bi mkubwa yupo pembeni yangu anasoma, anasema mwambie mteja wako aendelee kutafuta.